Namba za Mwalimu Taratibu

Katika miaka kumi na tisa ya kufundisha udereva, Mwalimu Taratibu hakuwahi kumpandishia mwanafunzi sauti. Walishamgongea ukuta, walishamkanyagia maua ya watu, na mmoja aliliingiza gari mtaroni akiwa amefumba macho, naye akasema neno lake lile lile: "Taratibu." Ndipo watu wakamwita hivyo, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye leseni tu. Kwa hiyo asubuhi ile alipomfokea mwanafunzi kwa ajili ya koni moja ya plastiki, hata yeye mwenyewe karibu ageuke kutazama ni nani aliyesema.

"Mara ngapi nimekwambia utazame kioo? Mara ngapi? Unataka nikuchoree?"

Mwanafunzi alikuwa mama wa makamo, muuguzi katika kliniki ya kisukari. Alikanyaga klachi, akatoa gia, akavuta breki ya mkono, akazima injini, yote kwa mpangilio aliofundishwa. Kisha akaweka mikono mapajani.

"Mwalimu," alisema, "umekasirishwa na mimi au na koni?"

Mwalimu alitaka kucheka, akashindwa. "Nisamehe, Sista. Sijui nimepatwa na nini."

Alijua vizuri sana. Sukari yake iligunduliwa miaka minne nyuma, ile inayoitwa aina ya pili, na mwanzoni aliichukulia kama mgeni msumbufu: unampisha kiti, unaendelea na kazi zako. Alimeza vidonge, akapunguza wali, akaacha kutia sukari kwenye chai. Taabu ilianza pale nyumba nzima ilipojiajiri kwenye ugonjwa wake. Mkewe alianza kumhesabia vijiko. Binti yake, karani wa duka la vitabu, kila siku saa nne asubuhi alimtumia ujumbe: kile usile, hiki kimeua mtu. Shemeji yake, mdogo wa kiume wa mkewe aliyeishi nao, akawa mganga asiye na kibali, leo mizizi, kesho magome, vyote vichungu kama shubiri. Hata salamu ilibadilika. Zamani ilikuwa "Umeamkaje?" Siku hizi ilikuwa "Umepima? Ni ngapi?"

Namba ikiwa kubwa, nyumba ilipoa. Hakuna aliyemgombeza, na afadhali wangemgombeza. Walimtazama tu kwa huruma kama mtoto aliyefeli, kisha mkewe akainuka kimya kimya akauondoa mkate mezani.

Ikafika mahali akawa anaiogopa ile mashine ndogo ya kupimia. Akitoboa kidole alisubiri kama mtu anayesomewa hukumu. Akiona kumi na tano, siku yake imeharibika. Wasiwasi ulimpeleka kwenye biskuti alizozificha garini chini ya fomu za wanafunzi, biskuti zikamletea majuto, majuto yakamnyima usingizi, na asubuhi sukari ikawa juu zaidi. Mwishowe akagundua njia ya mkato. Akaacha kupima, akawa anaandika namba tu kwenye daftari lake la sukari, lile lililosomwa nyumbani na kliniki. Sita nukta mbili. Tano nukta tisa. Sita nukta moja. Alizitunga kwa uangalifu, siku mojamoja akiipandisha mojawapo kidogo ili zifanane na ukweli. Nyumba ikatulia. Mkewe akaanza kuimba jikoni. Lakini yeye alizidi kuelemewa, maana juu ya mzigo wa kwanza sasa aliongeza wa pili, wa kuwadanganya watu wanaompenda.

Asubuhi hiyo ya koni, baada ya miezi mingi bila kupima, alikuwa amepiga moyo konde akapima. Kumi na sita nukta nane. Alifungua daftari, akaandika sita nukta mbili, akaondoka na hasira ambayo koni ndiyo iliyoipokea.

Muuguzi huyu alimjua kutoka kliniki, alikotibiwa, na ndilo lililomtia Mwalimu hofu siku ya kwanza alipomwona akija na viatu vyake vya raba kujiandikisha. Kliniki ilikuwa imepewa gari dogo la kuwafuata wagonjwa wasioweza kutembea, ila dereva hakuna, basi yeye akajitolea. "Huku mimi ni mwanafunzi," alimwambia tangu mwanzo. "Ya kliniki yatabaki kliniki." Na kweli, miezi mitatu hakuyagusa. Tena alikuwa na yake ya kumkosesha raha. Mkono wake haukutetemeka mbele ya mshipa wa mgonjwa yeyote, lakini mtahini akikaa pembeni na faili lake, mguu wa kushoto uliingiwa na kichaa juu ya klachi na gari likaruka kama chura. Alikuwa amefeli mara mbili.

Sasa alikuwa amegeuka kitini, anamtazama mwalimu wake.

"Unalalaje siku hizi?" aliuliza.

Mwalimu alikuwa ameshafungua mdomo kusema sita nukta mbili. Swali hili hakujiandaa nalo. Alitafuta jibu, na alipoanza kulitoa likaja na mengine yote nyuma yake: vijiko, ujumbe wa saa nne, biskuti, mkate unaoondolewa mezani. Alisema mpaka kioo cha mbele kikaanza kuingia ukungu. Mwisho akatoa daftari kwenye kijidroo cha gari, akampa.

Muuguzi alilifunua ukurasa baada ya ukurasa. Mabega yakaanza kumtikisika. Mwalimu akadhani analia, akataka kumfariji, kumbe anajizuia kucheka.

"Mwalimu, namba hizi nazisoma kliniki tangu mwaka jana. Kalamu moja, mwandiko mmoja, zimepangwa kama barua ya posa. Hebu soma hii mwenyewe."

Mwalimu alisoma. "Tarehe thelathini na moja mwezi wa sita. Tano nukta tisa."

"Mwezi wa sita una siku ngapi?"

Alikunja ngumi akahesabu kwenye vifundo vya vidole, kama walivyofundishwa shuleni. Alipofika mwezi wa sita kidole kikadumbukia bondeni, siku thelathini, naye akabaki amekiangalia. Kicheko kilianzia tumboni. Walicheka wote wawili, gari likayumba, na mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo akaharakisha hatua.

"Kama ulijua, mbona hukuniambia?" Mwalimu aliuliza akijifuta macho.

"Nikwambie nini? Kwamba mwongo wewe? Ungehama kliniki. Nilitaka ulete mwenyewe. Na kosa ni langu pia, nilikuwa nakuuliza namba kama wengine wote." Alilifunga daftari. "Sikiliza. Kuna ugonjwa wa sukari, na kuna kuchoshwa na sukari. Huo wa pili hauna mashine ya kuupima, lakini naujua sura. Nimemwona mwanajeshi mstaafu akilia kwenye kiti changu kwa sababu ya namba moja. Ni kazi ya kila siku, haina likizo wala Jumapili, nani asichoke? Si uzembe, na wala si utoto. Tena roho ikikaa juu juu, sukari nayo hupanda, halafu wewe unajilaumu kwa vyote viwili."

Mwalimu aliitazama dashibodi. "Kwa hiyo ile namba si maksi."

"Si maksi. Inakwambia ulipo, basi."

"Kama geji ya mafuta."

"Umewahi kuionea haya geji ya mafuta?"

"Nimewahi kuichukia sana."

"Hiyo ruhusa," muuguzi alisema. "Na hasa hasa unachoogopa ni nini?"

Hilo hakuwa amemwambia hata mkewe. Baba yake alikuwa fundi saa. Sukari ilimla macho akiwa bado na nguvu za kazi. Alibaki akizifungua saa kwa kupapasa, akizisafisha, akizifunga, kisha akimuuliza yeyote aliyepita kama zinasema kweli. "Mimi riziki yangu ni macho, Sista," Mwalimu alisema. "Kila nikiona namba kubwa, ni kama pazia linashushwa."

"Mara ya mwisho kupimwa macho ni lini?"

Mwalimu alielekeza kidole dirishani. Kati ya kioo na mpira kulikuwa na kipande cha karatasi ngumu kilichokunjwa mara nne ili kioo kisigongegonge gari likienda. Muuguzi alikichomoa, akakikunjua. Ilikuwa kadi ya kwenda kwa daktari wa macho, ina umri wa miaka mitatu.

"Haya," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ile ya kliniki. "Mtihani wangu ni Alhamisi ya mwisho wa mwezi, asubuhi. Mimi nikienda kwa mtahini, wewe mchana unaenda kwa daktari wa macho."

"Na ukifeli?"

"Utaenda vile vile. Tumeahidiana kwenda, si kufaulu."

Lilikuwa limebaki la nyumbani, na hilo aliona ni zito kuliko daktari. Alingoja Jumamosi, wote wakiwepo sebuleni. Mkewe alikuwa anakunja nguo, shemeji anachambua mchele kwenye sinia, binti amejinyoosha mkekani na simu yake. Mwalimu akaliweka daftari katikati ya meza.

"Hizi namba nimezitunga," alisema.

Shemeji ndiye aliyetangulia. "Zote?"

"Isipokuwa za kurasa mbili za kwanza."

"Mficha maradhi, shemeji," alisema akitikisa kichwa, kisha kitu kikamgonga. "Na dawa yangu ya magome?"

"Nilikuwa naimwaga dirishani."

"Ndiyo maana yale maua yamekauka." Alisema kwa huzuni ya kweli, na binti akajifunika uso kwa mto asionekane akicheka.

Mkewe hakucheka. Aliweka chini shati alilokuwa akilikunja, akaenda jikoni. Mwalimu alimfuata, akamkuta amesimama mbele ya karai, mikono imeshika ukingo.

"Nilikuwa naimba," alisema bila kugeuka. "Miezi yote hiyo nilikuwa naimba kwa ajili ya namba za uongo."

"Nisamehe, mama watoto."

"Unadhani napenda kukuhesabia vijiko? Nikikaa bure hofu inanila. Nikihesabu, angalau mikono yangu ina kazi." Aligeuka, macho yamejaa. "Sitaki kubaki peke yangu, ndiyo maana."

Mwalimu alisimama pale na viatu vya kazini, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba mkewe naye alikuwa na kisukari, ila cha kwake hakikuandikiwa vidonge. Alimweleza yote, ya baba na saa zake, na pazia. Shemeji alitokea mlangoni na sinia lake akarudi kinyumenyume.

Yakapatikana mapatano, japo kwa mabishano. Namba isiulizwe wakati wa chai, yeye mwenyewe atalifungua daftari kila Jumapili, na litakuwa la kweli. Binti aendelee kuandika saa nne, ila aandike jambo lolote lisilo la chakula. Magome yapumzike, na maua yapumzike pia. Mkate ukae mezani. Atajikatia kipande chake mwenyewe, mtu mzima.

"Na mimi hofu yangu niipeleke wapi?" mkewe aliuliza.

"Itembeze. Twende wote jioni, na sukari tuiache nyumbani. Atakayeitaja ataosha vyombo."

Jioni ya kwanza walitembea mitaa miwili bila neno. Walitazamana wakagundua, kwa aibu kidogo, kwamba miaka minne hawakuwa na mazungumzo mengine. Kwenye kona ya kinyozi mkewe akakumbuka kisa cha karakana anakofanya kazi ya kushona sare za shule: mwenzake, akiwa na mawazo ya posa ya mwanawe, alishona sketi kumi na mbili zikiwa zimezibwa chini, magunia matupu, na mwalimu mkuu akaja kuzichukua akizisifu kwa uimara. Mwalimu Taratibu alicheka mpaka akashika uzio wa watu. Mkewe alipoona jinsi anavyocheka, naye akashindwa kumaliza kisa. Walirudi wamechelewa, miguu imechoka, na usiku ule alilala kama gogo.

Binti naye alijitahidi. Ujumbe wake wa kwanza wa saa nne ulisema: Baba, leo mteja ameomba kitabu cha kuongeza kumbukumbu, amelipa, amekisahau kaunta. Mwalimu aliusoma mbele ya wanafunzi wawili na wote wakaufurahia.

Namba hazikushuka kama jiwe kisimani. Zilishuka kama mzee kwenye ngazi, zikisimama, nyingine zikirudi juu. Kumi na tatu, kumi na moja, kumi na mbili, tisa. Siku mashine iliposoma kumi na nne kamili aliikasirikia, ndiyo, lakini aliiandika kumi na nne, kwa mwandiko mzuri, akaenda kazini. Kliniki walimbadilishia kipimo cha vidonge, kwa kuwa sasa walikuwa na namba za kufanyia kazi. Zile biskuti aliwagawia wanafunzi siku ya maegesho ya kinyumenyume, mazoezi yanayohitaji faraja.

Na mguu wa muuguzi aliushughulikia. "Tatizo lako unauficha," alimwambia. "Unaukandamiza mtahini asiuone, nao unazidi kupiga. Ukianza, utaje. Mwambie mguu unatetemeka, nipe dakika moja. Hakuna sheria ya barabarani inayokataza mguu kutetemeka."

"Akinicheka?"

"Si wewe uliyecheka daftari langu? Mbona bado niko hai?"

Alhamisi ya mwisho wa mwezi ikafika. Mwalimu alimngoja kwenye benchi nje ya uwanja wa mtihani, mikono imefumbatwa, akiliona gari lake mwenyewe likienda mbali na mtu mwingine ameketi kiti chake. Kwenye kilima liliposimama, lilikaa muda mrefu. Alijua ni mguu. Akajikuta naye anakanyaga mchanga kama kuna klachi. Kisha gari likapanda, laini, bila kuruka.

Muuguzi alishuka ameshika karatasi ya muda ya kumruhusu kuendesha mpaka leseni yenyewe itoke. Alikuja mbio na viatu vyake vya raba.

"Nimemwambia," alisema akihema. "Nimemwambia mguu unatetemeka. Unajua amenijibu nini? Amesema hata wake ulitetemeka siku yake, tena yeye aligonga mti."

Mwalimu alimpa mkono kwa heshima zote, kama anavyowapa wote waliofaulu, kisha akaenda kuichukua garini ile kadi ya macho, maana sasa zamu ilikuwa yake.

Chumba cha daktari wa macho kilikuwa na kiti kirefu na giza la kusudi. Daktari, kijana wa kike mwenye maneno machache, alimtia matone, akamwambia asubiri nusu saa mboni zifunguke. Kisha akamsogezea taa, akamwambia atazame juu, atazame chini, atazame sikio lake. Mwalimu aliyafuata yote huku akisikia pumzi yake mwenyewe.

"Jicho la kulia ni safi," daktari alisema mwishowe. "La kushoto lina vidoa viwili vidogo sana. Havijagusa uonaji wako, na tumevikuta mapema. Endelea hivi hivi na sukari, tuonane baada ya mwaka."

"Baada ya mwaka," Mwalimu alirudia. "Si mwezi? Si wiki?"

"Mwaka. Ila usinikimbie miaka mitatu."

Ajabu ni kwamba vile vidoa viwili havikumwangusha. Miaka yote aliogopa kitu kisicho na umbo, kimejaza chumba kizima. Sasa kilikuwa na ukubwa, na ukubwa wenyewe ulikuwa vidoa viwili. Alitoka akiwa mwepesi, akaenda moja kwa moja mlango wa gari upande wa usukani.

Muuguzi, aliyemngoja nje, alimzuia. "Unaona vidole vingapi?"

Mwalimu alikunja uso. Matone yalikuwa bado kazini. Jua lilimchoma, na vidole vilikuwa vitatu au kundi zima. "Si vichache," alikiri.

"Basi leta ufunguo."

Hivyo Mwalimu Taratibu akakaa kiti chake cha kazi, kile cha kushoto chenye breki ya pili, akiwa haoni mbele. Magari yaliyokuja yalikuwa mawingu yenye rangi. Taa za barabarani zilichanua kama maua. Alisikia muuguzi anatazama kioo, maana alizoea kuvuta pumzi anapofanya hivyo. Alisikia taa ya kupinda ikigonga tiki tiki. Mguu wake wa kulia ulining'inia juu ya breki ya pili kwa mazoea ya miaka kumi na tisa.

"Mwalimu, nauona huo mguu."

"Upo tu."

"Uweke chini."

Aliuweka chini. Kisha, kwa kuwa alikuwa na furaha na hakuona sababu ya kuibania, akaikunja miguu yote miwili chini ya kiti kama mtoto kwenye bembea, akafumba macho yaliyokuwa hayamsaidii, akaachia gari limpeleke. Kilimani gari lilizimika. Wa nyuma wakapiga honi. Alimsikia muuguzi akisema kwa sauti, bila kumwambia yeyote, "Mguu unatetemeka, nipeni dakika moja," akawasha, wakapanda.

Nyumbani wote watatu walikuwa nje, binti ameomba ruhusa kazini. Mkewe alimtoa garini kwa kumshika mkono, akamketisha kwenye ngazi ya mlango, akamvisha miwani yake mwenyewe ya jua, mikubwa, yenye vimetameta pembeni. Aliambiwa yote, la jicho la kulia na la kushoto na la mwaka mmoja. Akauliza la kushoto mara mbili. Kisha akaegemea bega la mumewe, akabaki hapo, mzito na wa moto.

Shemeji, ambaye hakuwahi kuendeshwa na muuguzi, alisema hawezi kuikosa nafasi hiyo. Akaingia nyuma na binti akaingia mbele, nalo gari likaondoka kuzunguka mtaa. Mwalimu aliketi na miwani yake ya vimetameta akisikiliza. Gia ya pili alichelewa kidogo, ya tatu ikaingia vizuri. Gari likapita mbele yao, madirisha wazi, shemeji anacheka kwa sauti kama msichana. Likapita tena. Kwenye mzunguko wa tatu halikupunguza hata mwendo.

"Huyu mwanafunzi wako anajua kusimama?" mkewe aliuliza.

"Anajua. Hataki."

Mkewe alisimama, akakung'uta gauni, akaenda ukingoni mwa barabara na mkono juu, ili asiukose mzunguko wa nne.